Mkalimani Hana Zamu: Shajara ya Mradi wa Wanafunzi wa Uchungaji na Vijana Wahamiaji

Wiki ya 1

Mradi wenyewe ni mdogo. Wanafunzi 6 wa mwaka wa mwisho wa theolojia, usharika mmoja, vijana wahamiaji wapatao 30, wiki 24. Kila mwanafunzi amekabidhiwa vijana wachache. Atakuwa nao Ijumaa jioni na Jumapili baada ya ibada, na kila Jumatatu tutarudi darasani kusimuliana yaliyojiri. Chuo kinataka ripoti yenye majedwali mwishoni. Majedwali yatakuja. Hapa naandika yale ambayo jedwali halina pa kuyaweka.

Kwenye ombi la mradi niliandika lengo hili: "Kuwaandaa watumishi watakaowahudumia vijana wahamiaji kwa ufanisi." Kamati ililipenda. Nimelisoma tena leo nikaona ni maneno ya kujazia nafasi. Vijana hawa tayari wanahudumiwa na kila mtu. Haipiti wiki bila mtu mzima mwenye fomu na kalamu kuwakalisha kitini, akitaka kuwasaidia. Kanisa likija na fomu yake litakuwa la ngapi kwenye foleni?

Kilichonisukuma hasa ni hiki: wanafunzi wangu hutoka chuoni wakiwa hodari wa kupanga mahubiri yenye utangulizi, vipengele vitatu na hitimisho, lakini wakutanishe na kijana wa miaka 16 aliyekwisha kuishi nchi tatu, utawasikia: "Shule inaendeleaje?" Kijana atajibu, "Nzuri." Mazungumzo yamekwisha. Na hili si kundi dogo la kando. Mwishoni mwa mwaka 2023 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilihesabu watu milioni 117.3 waliolazimika kuyahama makazi yao, na kama asilimia 40 kati yao ni watoto wasiofikisha miaka 18. Hapo hatujawagusa waliohama kwa ajili ya kazi ya baba au masomo ya mama. Anayehitimu leo atawakuta popote atakapopangiwa.

Wiki ya 2

Hatukufungua Biblia. Tumeshinda kwenye kanuni za ulinzi wa watoto, na nimezisimamia kwa ukali kuliko walivyotarajia. Watu wazima wawili kila panapokuwa na kijana. Mlango hauwi umefungwa. Hakuna ujumbe wa simu wa faragha usiku. Siri ina mpaka: kijana akisema anapigwa au anaguswa vibaya, mwanafunzi hana ruhusa ya kumwahidi kunyamaza, anamweleza hapo hapo kwamba jambo hilo litafika kwa wanaohusika.

Halafu suala la makaratasi. Hatuulizi. Kijana akisema mwenyewe kwamba familia yake inangoja uamuzi, tunamsikiliza, tunamwombea, na hatuandiki popote. Ushauri wa sheria ni kazi ya mwanasheria. Mchungaji mwenye huruma anayebahatisha mambo ya uhamiaji anaweza kuiharibia familia kesi kwa nia njema kabisa.

Mwanafunzi mmoja alipinga. "Mwalimu, nitamwombeaje mtu nisiyejua shida yake?" Nikamwambia Mungu anaijua hali ya makaratasi ya mtu bila sisi kumwandikia kwenye daftari. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na nikiwa njiani kurudi nyumbani nikaona alikuwa na hoja. Alichokuwa akiuliza ni namna ya kumjua mtu bila kumhoji. Sikuwa na jibu la kumpa.

Wiki ya 3

Ijumaa mbili za michezo, chemsha bongo na gitaa. Wamefahamiana majina. Hakuna zaidi, wala sikutegemea zaidi.

Wiki ya 4

Leo tumeanza taarifa za neno kwa neno. Mwanafunzi anarudi kutoka kwenye mazungumzo, anakaa peke yake, anaandika yote anayoyakumbuka kama mchezo wa kuigiza: mimi nilisema hivi, yeye akasema vile, hapa kukawa kimya. Kisha tunaisoma darasani na kuichambua mstari kwa mstari. Njia hii ni ya zamani kidogo. Inatokana na mafunzo ya uchungaji ya hospitalini, ambayo mchungaji Anton Boisen aliyaanza mwaka 1925 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, baada ya yeye mwenyewe kuwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Boisen alisema mwanafunzi wa theolojia ajifunze kusoma "hati hai za kibinadamu", si vitabu pekee. Wanafunzi hawaipendi kazi hii. Inawaumbua. Unadhani ulisikiliza, kumbe karatasi inaonyesha umeongea robo tatu ya muda.

Taarifa ya tatu ndiyo iliyonizuia kulala. Mwanafunzi wangu alimtembelea mama mmoja aliyefiwa na kaka yake nchi ya mbali, asiweze kwenda kumzika. Mama haongei lugha ya hapa. Binti yake wa miaka 15 akawa anatafsiri. Taarifa imeandikwa kwa usafi: "Mimi: Pole sana kwa msiba. Mama: Asante, ni mapenzi ya Mungu. Mimi: Unalala usiku? Mama: Silali." Kurasa mbili namna hiyo.

Nikauliza, "Binti alisema nini?"

"Alikuwa anatafsiri, Mwalimu."

"Aliyefariki ni nani yake?"

Kimya. Ni mjomba wake. Kwenye kurasa mbili binti yule ndiye aliyetamka karibu kila neno, na hakuna mstari hata mmoja wenye jina lake. Alimpa mama yake pole ya mchungaji, akampa mchungaji machozi ya mama yake, akafunga mlango wageni walipoondoka. Hakuna aliyempa pole yeye.

Wiki ya 5

Nimeusimamisha mpango niliouandika. Wiki hii nzima kila mwanafunzi alikuwa na swali moja la kumuuliza kijana: "Wiki iliyopita ulimtafsiria nani?"

Majibu yamekuja mengi kuliko tulivyoweza kuyaandika. Hospitalini. Benki. Kwa mwenye nyumba. Kwenye kikao cha wazazi shuleni, ambako kijana mmoja anamtafsiria baba yake malalamiko ya mwalimu dhidi ya yeye mwenyewe (alikiri, kwa tabasamu, kwamba tafsiri hiyo haikuwa sahihi sana). Wadogo wa miaka 9 na 10 wanasoma barua za serikali. Karibu wote wa miaka 13 kwenda juu, waliofika na wazazi wao, ni wakalimani wa nyumba zao.

Mmoja alimsimulia mwanafunzi wangu jinsi alivyokaa katikati ya daktari na mama yake. Daktari alieleza ugonjwa. Kijana alitafsiri nusu. Nusu nyingine aliiweka moyoni, kwa sababu hakujua neno la kuitafsiria, na hata angelijua asingeweza kumtamkia mama yake. Alikuwa na miaka 14. Miezi minne alikuwa yeye pekee katika ile nyumba anayejua.

Kijana huyo huyo humtafsiria bibi yake mahubiri kila Jumapili, benchi la nne kutoka mbele, kwa kunong'ona, mwaka wa pili sasa. Mwanafunzi akamuuliza ni mahubiri gani yamemgusa. Akafikiri. "Nikitafsiri sisikii," alisema.

Nimeiandika sentensi hiyo ubaoni na nimeomba isifutwe.

Wiki ya 6

Jumatatu ya Yusufu. Nilikusudia kuigusa kwa dakika 20, tukakaa saa mbili na nusu.

Darasani kwetu Yusufu hufundishwa kama somo la usafi wa moyo au la maongozi ya Mungu. Safari hii niliwaomba waisome Mwanzo 37 hadi 45 kama habari za kijana mhamiaji. Ana miaka 17 anapoondoka kwao, na hakuondoka kwa hiari. Anajifunza lugha ngeni utumwani na gerezani. Anapewa jina jipya na mfalme, Safenath-panea, jina ambalo baba yake asingelitambua. Anaoa huko huko, na mtoto wake wa kwanza anamwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba yote ya baba yake. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mtu aliyesahau kweli hampi mtoto jina la kumkumbusha kwamba amesahau." Nimefundisha miaka mingi bila kuliona hilo.

Kisha sura ya 42, mstari wa 23. Ndugu zake wako mbele yake, wanazungumza kwa lugha ya nyumbani, hawajui kwamba anawaelewa, kwa maana palikuwa na mkalimani kati yao. Anaelewa kila neno, hata wanavyojutia walichomtenda, na bado anasubiri mkalimani amalize. Anageuka pembeni, analia, anarudi na uso wa kazi. Sura ya 43 tena: anaingia chumbani kulia, ananawa uso, anatoka, anaagiza chakula.

Nikawauliza: ni wangapi kati ya vijana wenu wana chumba cha kulilia na beseni la kunawia uso?

Na sura ya 45. Yusufu hawezi kujizuia tena. Anaamuru watu wote watoke. Mkalimani bila shaka naye akatoka. Ndipo anaposema kwa sauti yake, na anawataka ndugu zake waone kwamba ni kinywa chake mwenyewe kinachosema nao. Hapo ndipo kila kitu kinapofunguka: kilio, kukumbatiana, safari ya baba. Mwandishi wa Mwanzo anataja kinywa makusudi kabisa.

Tulitoka darasani na mpango mpya, ambao haukuwa kwenye ombi langu. Tutafute namna ya kumtoa mkalimani chumbani, ili kijana aongee na mchungaji kama mtu mwenye habari zake, badala ya kuwa bomba la habari za wengine.

Wiki ya 8

Mahubiri ya kwanza ya mwanafunzi mbele ya usharika, na yamekuwa balaa dogo. Alichagua Nehemia 13:24, watoto waliosema nusu Kiashdodi wasiweze kusema lugha ya Kiyahudi, akawakemea vijana kwa kuchanganya lugha na kuwasahau walikotoka. Wazazi wakaitikia amina kwa nguvu. Vijana wakatazama viatu vyao. Na ucheshi mchungu ni kwamba kemeo hilo lilikuwa likifikishwa kwa bibi mmoja, kwa kunong'ona, na mmoja wa wanaokemewa.

Jumatatu tuliisoma sura hiyo polepole. Nehemia hakumgusa mtoto yeyote. Waliolaaniwa, wakapigwa na kung'olewa nywele kwenye mstari wa 25 ni wanaume watu wazima, baba zao. Sijasema tuige, nasema angalau tusiwabebeshe watoto fimbo ambayo andiko halikuwapa. Mwanafunzi alikubali. Aliuliza pia swali la haki: je, lugha ikipotea si hasara? Ni hasara. Nyumba yenye bibi asiyeelewana na wajukuu ni nyumba yenye msiba usio na matanga.

Hapo nikawaletea mifano miwili ya zamani, maana wanafunzi hudhani mgogoro huu umeanza na intaneti. Wayahudi wa Aleksandria huko Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, walikuwa na kizazi kilichozaliwa katika Kigiriki. Jibu lao lilikuwa kuanza kuyatafsiri Maandiko kwa Kigiriki, Torati ikiwa ya kwanza. Tafsiri hiyo, Septuaginta, ndiyo ambayo waandishi wa Agano Jipya wananukuu mara nyingi. Kazi iliyowafaa watoto wa wahamiaji ikaja kuwa Biblia ya kanisa la kwanza.

Mfano wa pili ni kanisa la Kiholanzi la New York. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1664. Kanisa likaendelea na Kiholanzi, vijana wakaanza kuhamia makanisa ya Kiingereza, na mhubiri wa kwanza wa kuwahubiria kwa Kiingereza, Archibald Laidlie, alipanda mimbari yao mwaka 1764. Miaka 100. Hesabu vizazi. Kwa upande mwingine, kanisa la wakimbizi wa Kiholanzi lililopewa hati London mwaka 1550, chini ya Mpolandi Jan Łaski, lipo hadi leo na bado lina ibada ya Kiholanzi. Kwa hiyo sitaki mtu atoke darasani na kanuni moja mfukoni. Lugha ya zamani inaweza kuishi karibu karne tano. Ninachouliza ni nani anayelipa gharama ya kuiweka hai. Kama ni mtoto wa benchi la nne peke yake, hesabu haijakaa sawa.

Wiki ya 10

Baraza la wazee wa kanisa. Tuliomba jambo moja: asiyefikisha miaka 18 asitumiwe kutafsiri ibadani, wala kwenye ziara za uchungaji, wala kwenye maombezi ya mtu na mtu.

Mzee mmoja, mtu mwema, alisema: "Mchungaji, mtoto kumsaidia mzazi ni heshima. Mnataka kuwafundisha watoto wetu kukataa?" Mwingine: "Wao wenyewe wanapenda." Na ni kweli, wapo wanaopenda. Binti mmoja alimwambia mwanafunzi wangu kwamba anapotafsiri benki ndiyo saa pekee watu wazima wanapomsikiliza hadi mwisho wa sentensi. Sikuificha hoja hiyo, niliiweka mezani. Kumsomea mama tangazo la maji kukatika kunamkuza mtoto. Kumtafsiria mama habari za uvimbe, au maungamo ya ndoa yake, kunamzeesha. Mstari uko kati ya hayo mawili, na hauko wazi kila mara.

Nilisoma nao Matendo 6. Wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume waliwaagiza watu wachague saba, na majina ya waliochaguliwa, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa meza. Mzee wa kwanza alisoma orodha ile mara mbili, kidole kwenye mstari. Hakusema kitu. Uamuzi umeahirishwa.

Wiki ya 11

Mitihani ya chuo. Mwanafunzi mmoja amejitoa. Alisema taarifa za neno kwa neno zinamfanya ajione mbaya. Wamebaki 5. Sikumbembeleza, ila nadhani niliwahi kuzisoma taarifa zake kwa sauti ya kejeli. Hilo ni langu.

Wiki ya 13

Tumeacha kuuliza "Unatoka wapi?" Swali lililochukua nafasi yake ni "Ulifika ukiwa na miaka mingapi?" Tofauti ni kubwa kuliko nilivyodhani. Mwanasosholojia Rubén Rumbaut, aliyezaliwa Kuba na kuhamia Marekani akiwa mtoto, aliwapa waliohama utotoni jina la kizazi cha moja na nusu: si wa kwanza kama wazazi, si wa pili kama wadogo zao waliozaliwa ugenini. Kwetu aliyefika na miaka 4 anasali kwa lugha ya hapa na kuota kwa lugha ya hapa. Aliyefika na 11 anahesabu kwa moja na kukasirika kwa nyingine. Aliyefika na 16 alikuwa mtu mwenye jina kwao, mwimbaji au mchezaji au kiongozi wa darasa, na hapa ameanza kwa kushindwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kuna kundi ambalo mtaala wangu haukuwa nalo kabisa: waliotanguliwa na mzazi. Baba aliondoka mtoto akiwa na miaka 5, akamwita akiwa na miaka 13. Kwa miaka 8 baba alikuwa sauti kwenye simu na pesa za ada. Sasa wanaishi chumba kwa chumba na hawajuani. Baba anangoja shukrani, mtoto bado anaomboleza bibi aliyemlea. Mwanafunzi mwenye familia hii alikuja kwangu na andiko la mwana mpotevu. Nikamwambia hapa hakuna mwana aliyepotea. Aliondoka baba, na aliondoka kwa upendo, na bado lilikuwa pengo. Tulikaa nalo bila kupata andiko. Hatimaye aliwatembelea tu, akaosha vyombo na baba, akarudi wiki iliyofuata.

Wiki ya 15

Mihadhara yangu miwili nimeifuta na nafasi yake wamepewa vijana. Wazo si geni: mwaka 1963 seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba kuwaondoa watumishi vijijini kwenda kusoma mjini hakuleti wachungaji vijijini, ikaamua masomo yawafuate watu walipo. Ndiko yalikoanzia masomo ya theolojia kwa enezi. Mimi nimeazima nusu yake: mahali pa huduma ndipo darasani, na wanaohudumiwa wakae kwenye viti vya wakaguzi.

Vijana 4, wa miaka 15 hadi 18, walisikiliza mahubiri matatu ya wanafunzi na kujibu maswali matatu. Ni wapi ulichoka? Ni wapi ulihisi anaongea na mtu mwingine? Ungemuuliza nini?

Walikuwa wakatili kwa adabu. "Umesema 'ninyi vijana' mara 14, nimehesabu." "Ukisema 'nyumbani kwenu' sijui unamaanisha wapi." "Kila mhamiaji kwenye mahubiri yako ana huzuni. Mimi nina mechi kesho." Mwanafunzi wa tatu aliulizwa: "Wewe unaamini hilo ulilosema, au ni kwa ajili ya maksi?" Alinyamaza kama dakika nzima, kisha akasema nusu ni kwa ajili ya maksi. Tangu siku hiyo vijana wale wanamtafuta yeye kwanza.

Wiki ya 16

Kijana anayefanya kazi za usiku hajafika Ijumaa hata moja. Mwanafunzi wake ameacha kumwalika. Yeye na mwenzake humkuta kituo cha basi saa kumi na moja na nusu alfajiri akitoka zamu, wanakaa naye dakika 10 hadi basi lije. Kwenye fomu ya mahudhurio kijana huyu ana sifuri. Nimeiacha sifuri ionekane kwenye ripoti, na maelezo chini yake.

Wiki ya 18

Baraza limekubali, kwa majaribio ya miezi 3, kwa ibada na ziara za uchungaji tu. Tumewafunza watu wazima 4 kutafsiri: sema kwa nafsi ya kwanza, usiongeze, usipunguze, omba kurudiwa ukikosa neno, na yaliyosemwa yabaki chumbani.

Jumapili ya kwanza mkalimani wetu mpya alihubiri zaidi ya mhubiri. Mhubiri alisema sentensi moja, yeye akatoa dakika tatu, akaongeza mfano wa mbuzi ambao haukuwepo. Wazee waliufurahia mno ule mbuzi. Tutamfunza tena.

Benchi la nne, kijana alikaa karibu na bibi yake mikono ikiwa haina kazi. Mara mbili alianza kuinama kunong'ona, akajizuia. Baada ya ibada alimwambia mwanafunzi wangu kwamba mahubiri yalikuwa marefu. Kwa miaka miwili hakuwahi kuyaona marefu.

Wiki ya 20

Mwanafunzi aliyeandika ile taarifa ya tatu alirudi kwa binti wa miaka 15, safari hii pamoja na mama mmoja wa kanisa, wakamuuliza habari za mjomba. Taarifa yake ni nusu ukurasa. "Mimi: Alikuwa mtu wa namna gani? Yeye: Alikuwa ananifundisha baiskeli. (Kimya kirefu.) Yeye: Sijui kusema hili kwa lugha yenu. Mimi: Sema kwa yako. (Alisema. Sikuelewa neno hata moja. Alilia.)"

Mwenzake darasani aliuliza kama hiyo inahesabika kuwa uchungaji, kuketi mbele ya mtu usiyemwelewa. Nimewaachia wabishane. Walibishana hadi mlinzi alipokuja kufunga.

Wiki ya 21

Mama wa binti huyo amekuja ofisini, na mkalimani mtu mzima. Alikuwa na hasira iliyopangwa vizuri. Kwa kifupi: binti sasa anasema hataki kutafsiri hata barua ya shule, anasema kanisani wamesema ni kazi ya watu wazima. "Mmemfungua mwanangu ulimi, mmeufunga wangu. Barua nitasomewa na nani? Nitakwenda na mchungaji dukani?"

Hatukulisema hivyo kanisani, lakini hivyo ndivyo lilivyosikika. Na yuko sahihi kwa sehemu iliyo kubwa. Tulihesabu mzigo wa mtoto, tukasahau kuhesabu kwamba mzigo ukishushwa lazima uwekwe mahali. Mama huyu anafanya kazi mbili za usafi. Darasa la lugha la serikali linafanyika saa ambazo yuko kazini. Nilimwomba radhi. Alipokea kwa kichwa, si kwa uso.

Wiki ya 23

Darasa la lugha kwa akina mama na baba, Jumamosi jioni, chumba cha Shule ya Jumapili, viti vifupi vya watoto. Wanafundisha wanafunzi wangu wawili, ambao hawajawahi kufundisha lugha na inaonekana. Somo la kwanza: kusoma barua ya shule na kupiga simu kuomba miadi. Walikuja 3. Mmoja aliondoka mapema kuwahi zamu.

Mama wa binti alikuja. Binti naye alikuja, kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki naye, akakaa nyuma na hesabu zake. Ilipofika zamu ya mama kuisoma barua kwa sauti, alisoma mstari wa kwanza, akakwama kwenye neno la pili la mstari uliofuata, akageuka nyuma kumtazama mwanawe.

Binti aliendelea kuandika. Mwanafunzi wangu alivuta kiti kifupi, akakaa, akangoja.